Mashine Iliyosimama Kila Ijumaa

Jambo la kwanza ambalo kiwanda cha sabuni humnyang'anya mtu ni pua. Wiki za mwanzo unatembea kama umelewa: waridi, ndimu, mwarobaini, yasmini, vyote kwa pamoja, mpaka chai ya saa nne inakuwa na ladha ya waridi. Baadaye husikii kitu. Wali ukiungua jikoni kwako unaambiwa na jirani. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba ameoa mwanamke ambaye hawezi kujua kama mumewe ameoga, na mimi nilikuwa nikimjibu kwamba hapo ndipo ilipo salama ya ndoa yetu.

Tulifanya kazi kiwanda kimoja huko Temeke, sisi watatu. Mama mkwe wangu ndiye aliyetangulia. Alikuwa mfagizi tangu enzi za mwenye kiwanda wa kwanza, na ndiye aliyemwombea mwanawe kazi. Mwanawe akawa mwendeshaji wa mashine ya kufungia, ile inayoivisha sabuni karatasi yake. Mimi nilikuja mwisho, fundi umeme kutoka chuo cha ufundi, mtu wa bara, mwanamke peke yangu karakana nzima. Nilikuwa na mdomo. Mafundi wenzangu walinitania nikawatania, na haikuchukua muda mwendeshaji wa mashine ya kufungia akaanza kuripoti hitilafu ambazo nikienda sizioni. Ndivyo nilivyoolewa.

Kazi yangu kubwa haikuwa kutengeneza mashine. Kutengeneza wengi wanaweza. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kwa nini imeharibika, na niliipenda kuliko nilivyopaswa. Tuliwahi kuletewa mtaalamu mmoja akatufundisha namna ya kuuliza "kwa nini" bila kuchoka, kama mtoto mdogo. Mkanda umekatika. Kwa nini? Umelika upande mmoja. Kwa nini? Puli imepinda. Kwa nini? Beringi imekufa. Kwa nini? Haikupata grisi. Kwa nini? Hapo sasa ndipo utamu ulipo, kwa sababu utakuta kijibomba cha grisi kimeziba, na aliyekiona hakusema, na hakusema kwa kuwa mara ya mwisho aliposema alikaripiwa mbele za watu. Ukichimba sana chini ya chuma unamkuta mtu. Nilikuwa naamini hakuna kitu duniani kinachosimama bila sababu, na kwamba asiyeipata sababu ni mvivu tu.

Mume wangu alifariki Alhamisi moja mchana, kazini, mbele ya mashine yake.

Sikuwepo pale. Nilikuwa karakana nikihangaika na mota ya pampu, nikasikia mtu anaita "fundi, fundi," nikadhani ni mashine. Nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa mashine, kichwa kimelala begani, kama mtu aliyeamua kupumzika kidogo. Watu walikuwa wamemzunguka. Mashine ilikuwa bado inakwenda. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Sabuni zilikuja, zikavaa karatasi, zikatoka upande wa pili, safi kabisa, zikawa zinajaa mezani na kuanguka kwa kuwa hapakuwa na wa kuziokota. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe chekundu. Nilifanya hivyo kabla sijamgusa mume wangu, na hadi leo sijui mkono wangu ulikuwa unafikiria nini.

Hospitali walisema ni moyo. Nikamwuliza daktari, kwa nini? Akasema ulisimama. Nikamwuliza, kwa nini ulisimama? Alikuwa daktari kijana, macho yamechoka. Akasema kuna mambo mengi yanayoweza kusababisha, huenda presha, huenda alizaliwa nalo, na sasa haisaidii kujua. Nilitaka kumshika koti. Mimi nikisema hivyo kiwandani kuhusu boila, kesho yake nimefukuzwa.

Msibani watu walisema yanayosemwaga. Kazi ya Mungu haina makosa. Mama mmoja jirani alisema, tena kwa sauti, "Mficha maradhi kifo humuumbua," akimaanisha mume wangu alikuwa anaumwa kifua akanificha. Labda ni kweli. Nilimchukia yule mama kwa miezi mingi kwa kuwa alikuwa amepata sababu na mimi sina.

Nikakaa eda nyumbani kwa mama mkwe, Temeke kwetu pale pale, chumba chetu kile kile. Hatukujaliwa mtoto. Tulikuwa tumeanza kujenga Goba, juu kule kilimani, kuta zimefika kwenye lenta, juu ya madirisha, na zikaishia hapo. Majani yameota sebuleni. Nilipotoka eda majirani walianza kuniuliza naondoka lini kurudi kwetu. Waliuliza kwa upole, lakini waliuliza. Mama mkwe akawajibu yeye: "Anakwenda wapi? Huyu ni mwanangu." Na kwa hilo peke yake ningemfagilia njia mpaka mwisho wa maisha yake.

Niliporudi kazini nilikuta mashine ya mume wangu ina ugonjwa mpya. Ilikuwa inasimama kila Ijumaa asubuhi.

Jumatatu inakwenda. Jumanne inakwenda. Alhamisi alasiri mstari mzima ulikuwa unazimwa kwa ajili ya usafi mkubwa wa wiki, wafagizi wanabaki na mashine zao. Ijumaa asubuhi inawashwa, inavuta karatasi kidogo, taa nyekundu inawaka, kimya. Mafundi wenzangu walikuwa wanaijia wote kwa pamoja kama waganga: huyu anakaza nyaya, huyu anazima na kuwasha, huyu anapindua skrubu, huyu anafuta kila kinachofutika kwa mkono wa ovaroli lake. Baada ya muda inakubali. Lakini ukimpa mgonjwa dawa zote kwa siku moja akapona, hujui ni ipi iliyomponya, na wiki ijayo unaanza upya.

Maneno yakawa mengi. Wengine walisema ni umeme. Wengine walisema marehemu hajaiacha mashine yake. Aliyeteseka zaidi ni binti aliyewekwa mahali pa mume wangu, kibarua, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye.

"Sista, mie sigusi kitu," aliniambia. "Naiwasha tu, inagoma. Wananiambia kaka hanitaki pale."

"Kaka yako alikuwa anamtaka kila mtu," nikamwambia. "Hiyo ni mashine. Tulia."

Meneja uzalishaji naye alikuwa na yake. Aliniita ofisini, feni inapeperusha karatasi zake, akasema, "Fundi, hii ishu ya Ijumaa imenichosha. Kama watu wanataka kuwahi msikitini waseme, wasiniharibie mashine."

"Mashine haiswali, bosi," nikasema.

Hakucheka. Akasema basi ni yule binti, hajui kazi, na kama sijamletea sababu kabla ya mwisho wa mwezi anamtoa na kumweka mwingine. Kibarua hana wa kumtetea. Nilitoka pale nikijua kwamba mtu ataondolewa kwa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha, na hilo ndilo jambo lililokuwa likinikera kuliko yote katika kazi ile.

Ijumaa iliyofuata niliwafukuza mafundi wote. Nikasema naanza peke yangu, jambo moja kwa wakati.

Mashine ile ina jicho. Ni kioo kidogo, ukubwa wa kifungo cha shati, kinachotazama ukingo wa karatasi inapopita. Kwenye ukingo kuna alama nyeusi, na jicho likiiona linakiambia kisu kata hapa. Jicho lisipoiona alama, mashine inajisimamisha yenyewe isije ikakata ovyo. Sikugusa nyaya, sikugusa skrubu. Nilichukua leso nyeupe iliyokuwa mfukoni mwangu, ilikuwa ya mume wangu, nikalifuta jicho lile peke yake, nikamwambia binti bonyeza. Ikaondoka hapo hapo, haikusita.

Nikaiangalia leso. Palikuwa na doa la rangi ya chai ya rangi, linanata. Halikuwa vumbi la sabuni. Hilo ni jeupe. Halikuwa grisi. Nikalinusa, nikacheka mwenyewe. Ningenusa nini, na pua imekufa? Nikaikunja leso nikairudisha mfukoni.

Jumapili nilikuwa uani nafua. Siku ya mapumziko, ikifika mchana, pua huwa inafufuka kidogo. Unasikia harufu ya samaki kwa jirani, unasikia mvua. Nikaitoa leso kwenye mfuko wa ovaroli niitie majini, ikapita karibu na uso wangu, na mkono ukasimama hewani. Ilikuwa harufu ya nyumba yetu. Ilikuwa harufu ya Alhamisi jioni, mama mkwe akipita chumba hadi chumba na chetezo mkononi, anafukiza, anawarehemu waliotangulia. Ilikuwa ubani.

Nilikaa juu ya ndoo nikaanza kujiuliza kama nilivyofundishwa. Mashine inasimama. Kwa nini? Jicho halioni. Kwa nini? Lina utando wa moshi. Kwa nini? Mtu anafukiza ubani pale Alhamisi. Kwa nini? Hapo nikaacha, kwa kuwa nilikuwa nimeshamkuta mtu, naye alikuwa ndani anachemsha maharage.

Sikumwambia. Alhamisi iliyofuata, mstari ulipozimwa, nilijifanya naenda karakana nikazunguka kwa nyuma, nikasimama nyuma ya rundo la maboksi. Aliingia na ndoo zake mbili. Moja ilikuwa ya maji ya kudekia. Nyingine aliifunika tambara, na alipolifunua akatoa chetezo cha udongo. Makaa, nilikuja kujua, alikuwa anaombaga kwa mama ntilie wa getini. Akachuchumaa pale pale mwanawe alipokaa, kwenye mguu wa mashine. Akatia ubani. Moshi ukapanda, ukapita juu ya meza, ukalipitia jicho lile kwa utaratibu kabisa, na katika kiwanda kizima hakuna mtu ambaye angeweza kuusikia.

Kisha akaanza kuzungumza naye.

"Salaam alaykum mwanangu. Leo joto. Mkeo yupo, kala kidogo asubuhi, si sana. Goba sijakwenda, miguu hii hainipi nafasi. Wiki ile ulichelewa kunijibu, nikaogopa. Kesho nijibu mapema, baba. Nisikie tu kama upo." Kisha akainamia chetezo akashusha sauti, na mengine sikuyasikia.

Nilianza kukumbuka mambo niliyokuwa nayaona bila kuyatazama. Kila Ijumaa mashine iliposimama na kelele zikakatika, mama mkwe alikuwa anaegemeza ufagio ukutani na kuigeukia, midomo inacheza. Sote tulidhani ni huzuni, tukawa tunampisha. Na Ijumaa jioni nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alikuna nazi. Alipika kisamvu akakisifia mwenyewe. Mara moja alisema, "Leo kaamka mapema," nikadhani anamsema jogoo wa jirani.

Alikuwa anamwita mwanawe Alhamisi kwa ubani, na Ijumaa mwanawe anamwitikia kwa kuisimamisha mashine. Ilikuwa imekamilika, haina mwanya. Na mimi nilikuwa mtu pekee duniani niliyejua kwamba ubani wenyewe ndio uliokuwa unaisimamisha.

Nilibaki nyuma ya maboksi mpaka alipomaliza kudeki. Nililia, nikiwa nimeuma kola ya ovaroli nisisikike. Nilimwonea wivu pia, nitasema kweli. Yeye alikuwa anajibiwa.

Nilifikiria njia zote. Nikimwambia ukweli, namfisha mwanawe mara ya pili kwa mkono wangu. Nikinyamaza, mwisho wa mwezi binti wa watu anatolewa getini akiwa amebeba kosa la moshi. Nikimwambia meneja, mama mkwe naye anafuata, kwa kuwa hakuna kiwanda chenye maboksi na karatasi kitakachomwacha mfagizi anayetembea na makaa. Nikaamua kufanya kama mafundi tunavyofanya tusipoweza kukiondoa chanzo: unaziba athari. Ijumaa nilifika kabla ya wote, nikalifuta jicho kwa leso na spiriti kidogo, nikaondoka. Mashine ikawashwa. Haikusimama.

Meneja alifurahi. "Chanzo kilikuwa nini?"

"Jicho lilikuwa chafu, bosi."

"Chafu kwa nini?"

"Ni kiwanda cha sabuni, bosi. Kila kitu kinachafuka."

Akaridhika. Watu wengi huridhika na jibu la pili. Binti akabaki kazini, akaniletea vitumbua vya mama yake kwenye kikopo, akaniambia, "Sista, nilikuwa silali." Nikavila nikiwa nimesimama, sikumwangalia machoni.

Ijumaa ile mama mkwe alifagia mahali pamoja asubuhi nzima. Alikuwa ameegemeza masikio kwenye ile mashine, ukimwangalia unaona. Kila karatasi ilipobadilishwa na mlio ukapungua alisimama. Mlio ukirudi anafagia. Jioni hakukuna nazi. Alisema kichwa kinamwuma.

Wiki iliyofuata nililifuta tena. Na iliyofuata. Na kila nilipolifuta, leso ilitoka na rangi nzito kuliko mara iliyopita, kwa kuwa alikuwa anaongeza ubani. Sikuhitaji kumwuliza hali yake. Nilikuwa naisoma kwenye kitambaa. Alikuwa anapaza sauti kila wiki, nami nikawa nafika alfajiri naifuta sauti ile kabla haijafika popote. Alikonda. Alianza kusahau chumvi. Nikawa najiambia atazoea, kama watu wanavyoniambia mimi nitazoea.

Ijumaa moja kabla ya magharibi nilimkuta uani juu ya mkeka, ungo mapajani, anachambua mchele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Nina jambo. Nimemkosea mumeo."

Nikakaa. Nikamwuliza amemkosea nini.

"Huwa nazungumza naye pale kazini. Alhamisi. Usinione mwendawazimu. Nafukiza ubani, nazungumza naye, na Ijumaa ananijibu. Anaisimamisha ile mashine yake. Hakuwahi kukosa." Akatoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Sasa Alhamisi moja nikamwambia habari yako. Nikamwambia, mkeo bado kijana, Mungu hakuwajalia mtoto, mruhusu aolewe, asije akazeeka na mie bibi kizee hapa. Nikamwambia, ukikubali nijibu. Tangu siku hiyo kaninyamazia. Wiki baada ya wiki. Nimemwomba radhi, nimemwambia basi, sitalisema tena, wala hajibu. Yuko huko aliko na mie kanikasirikia, mwanangu. Nitakutana naye vipi?"

Alhamisi hiyo aliyomwombea ruhusa yangu ndiyo Alhamisi niliyojificha nyuma ya maboksi, na kesho yake ndiyo Ijumaa yangu ya kwanza ya kulifuta jicho alfajiri. Nilitazama ule mchele. Nilitamani nipate uongo mzuri, na mimi si mtu anayeshindwa kupata neno, lakini siku ile sikulipata. Uongo wowote ningeusema, yeye angebaki na mwana aliyekasirika. Ukweli nao ungembakiza bila mwana kabisa.

Nikamwambia. Nilianzia kwenye jicho, nikamweleza lilivyo na linavyofanya kazi, taratibu, kama ninavyoelezaga kazini, kwa kuwa ndiyo njia pekee ninayoijua. Nikamwambia moshi wa ubani una mafuta, unaganda kwenye kioo. Nikamwambia kuhusu binti, kuhusu meneja. Nikaingia ndani nikaichukua leso, nikampa. Pua yake ilikuwa imekufa kuliko yangu, alikuwa na miaka mingi zaidi mle ndani, lakini aliinusa muda mrefu. Kisha akaigeuza akaitazama pindo, akaitambua ni ya nani.

"Kwa hiyo nilikuwa najijibu mwenyewe," akasema.

Akaikunja leso mara mbili.

"Na wewe ukawa unafuta."

"Nilikuwa nafuta, mama."

"Yule binti wangemfukuza kweli?"

"Wangemfukuza."

"Basi umefanya vema." Akaurudia ungo, akachambua kidogo, vidole havina haraka. "Kwa hiyo hakukasirika."

"Hakukasirika, mama."

Akafikiri. Adhana ikaanza msikiti wa mtaa wa pili, na akangoja imalizike, kama anavyofanyaga siku zote.

"Wala zile Ijumaa nyingine hakufurahi," akasema. "Wala hakunisikia."

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayemalizia kuhesabu. Mimi ndiye niliyelia. Nililaza kichwa kwenye mkeka pembeni ya ungo wake, nikalia kama sikuwahi kulia msibani, na yeye akaweka mkono juu ya kichwa changu na kunipapasa kama mtoto, wakati aliyefiwa upya alikuwa yeye.

Hakupeleka tena chetezo kiwandani. Alhamisi anafukiza nyumbani, chumba hadi chumba, na hazungumzi na mtu. Kuhusu kuolewa hatukuongea tena. Meneja alitangaza kwenye mkutano wa asubuhi kwamba tatizo la Ijumaa limekwisha, akawaomba watu wanipigie makofi, na wakapiga. Baada ya hapo hakuna aliyemtaja tena mume wangu mle ndani. Nilikuja kutambua kwamba walikuwa wanamtaja kwa sababu ya mashine kusimama, kila Ijumaa kulikuwa na dakika kadhaa ambapo kiwanda chote kinanyamaza na mtu mmoja anasema, "Ya marehemu hiyo." Sasa ikawa mashine ya kufungia tu.

Muda ukapita, mvua za vuli zikaja zikaondoka. Kisha Ijumaa moja, katikati ya asubuhi, nikiwa karakana, nikasikia kelele zinakatika. Ukishafanya kazi kwenye mashine unaujua ukimya wa kila moja. Nilijua ni ile.

Nilipotokea mlangoni nilimwona mama mkwe upande wa pili wa mstari. Alikuwa ameegemeza ufagio ukutani. Hakuwa anaitazama mashine. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikatembea. Maisha yangu yote ya kazi nimekwenda kwenye mashine iliyosimama nikiwa na hamu, kama mtu anayekwenda kufungua bahasha. Siku ile nilikwenda nikiomba nisikute kitu. Niliomba jicho liwe safi, nyaya ziwe zimekaza, umeme uwepo, kila kitu kiwe kizima na mashine iwe imesimama vivyo hivyo, bila sababu, ili niweze kuinua mabega na kumwambia mama sijui. Neno hilo tu. Sikuwahi kulitaka neno lolote kama nilivyolitaka hilo.

Nilifungua kifuniko. Sababu ilikuwa pale pale mbele yangu, hata haikujificha.

Nikainua uso. Alikuwa bado anangoja.

"Karatasi, mama," nikasema. "Imekatika kwenye maungio."

"Haya, mwanangu," akasema, akachukua ufagio wake.

Nikaiunga karatasi. Binti akabonyeza kitufe cha kijani, na mashine ikaendelea kufunga sabuni.